Maziwa Yaliyochemshwa Mara ya Pili

Siku niliyoanza kazi maabara hapa Gisenyi, mkuu wetu alinionyesha chupa mbili zenye bakteria wale wale, stafilokoki, ambao hata nyinyi vijana mnao puani na vidoleni. Moja ilitoka kwenye frigo, nyingine kwenye kabati la joto.

"Ona, we kijana. Mududu ni ile ile. Ya baridi inalala tu. Ya moto inakula, inazaa, inatoa sumu. Ukichemusha, mududu inakufa, sumu inabakia. Donc, usiulize tu ni mududu gani. Uliza ilikaa wapi."

Somo hilo nilitembea nalo mpaka nikastaafu. Yeye alilitupa kwa siku moja.

Mama Vestine, mfugaji wa Mudende, alileta maziwa aliyokwisha kuyachemsha kwenye sherehe ya posa mjini. Aliyaonja kwanza mbele ya watu, kama desturi yetu inavyotaka, kuonyesha kwamba hakutia kitu. Wapishi wa ukumbi wakayaacha mchana kutwa kando ya majiko, kisha wakayachemsha tena na kuwapa wageni. Wageni walitapika vibaya. Kabla hawajapona, watu walishasema mama huyo amewaroga, yaani amewatilia sumu.

Maziwa yaliyobaki yakaletwa kwetu. Tukajaribu kuotesha bakteria, hakuna kilichoota. Kingeotaje, na yamechemshwa? Kipimo cha sumu ya bakteria yenyewe hatukuwa nacho, ila kueleza tuliweza. Mkuu akaandika kwamba bakteria hawakuonekana, akaishia hapo. Watu wakasema, kama si bakteria, basi ni sumu ya huyo mama.

"Docteur, andika basi fasi maziwa ilikaa, pale kando ya moto!"

"Mi sikuandika uongo," akajibu bila kuniangalia. Mwenye ukumbi alikuwa shemeji yake.

Hasira ile sijaimeza hadi leo. Mtu msomi kabisa, anajua, ananyamaza! Nilieleza sokoni, nikaeleza kanisani. Nani atasikia neno lisilo na muhuri?

Sasa nimestaafu, nakaa Nengo. Jumapili baada ya misa hupanda Mudende kwa Mama Vestine. Jirani hata mmoja hanywi kitu pale. Juzi alinimiminia maziwa, akainua kikombe aonje kwanza. Nikashindwa kuvumilia.

"Hapana, Mama. Leta hapa."

"Acha nionje, Papa. Watu wanaona."

"Waone!"

Nikamnyang'anya kikombe, nikatoka nacho hadi barabarani, wanakopita watu wa misa, nikanywa chote.