Pleti Ukutani kwa Weng

Leong Kam Weng alikuwa fundi ambaye hata washindani wake katika mji wa Ipoh walimvulia kofia, na ubaya ni kwamba alilijua hilo. Klachi za magari ya mbio ndizo zilizompa jina. Kila pleti ya klachi iliyoungua aliitundika ukutani, na chini yake akaandika kwa rangi nyeupe jina la dereva aliyeiunguza, ili wanywa kahawa wa mgahawa wa jirani wapate la kucheka. Wateja walivumilia, maana kazi yake ilikuwa safi.

Asubuhi moja Suhaila akaleta gari lake jekundu. Alikuwa mwalimu wa kemia, na Jumapili akishindana kwenye mbio za magari za kupanda milima. Weng mwenyewe ndiye aliyembadilishia klachi, kabla tu ya Mwaka Mpya wa Kichina, na sasa ilikuwa inateleza: injini inanguruma, gari linajivuta.

"Mguu huo, dada!" Weng akapaza sauti makusudi. "Unaupumzisha kwenye pedali utadhani uko sebuleni!"

"Anko, mimi siupumzishi."

"Klachi haisemi uongo. Labda wewe."

Segaran, muuza matairi aliyekuwa mgahawani, alicheka hadi kahawa ikampalia. "Mpeni mto, jamani, aegeshee mguu!"

Suhaila aliweka funguo mezani akaondoka. Hata kona hajafika, Weng alishachukua brashi na kuandika SUHAILA kwa herufi kubwa za kupitiliza, chini ya msumari mtupu.

Mchana akashusha giaboksi na kuitoa pleti. Ilikuwa imeungua kweli, lakini ilikuwa na michirizi iliyotoka katikati kwenda ukingoni. Akaigusa. Grisi. Akatazama sili ya injini, mpira unaozuia oili isivuje: kavu. Ya giaboksi: kavu. Basi ilitoka kwenye meno ya shafti inayopita katikati ya pleti, na ilikuwa ya zambarau, ile anayoitumia yeye. Weng alijifunzia ufundi kwenye malori ya magogo, ambako shafti hupakwa grisi bila ubahili. Gari kama hili linataka chembe tu, na inayozidi ifutwe, la sivyo mwendo ukikolea inarukia pleti. Naye hakuwa ameifuta.

Uso ukamwaka moto. Alitazama mlangoni kama mwizi, akachovya kitambaa kwenye petroli, akaisugua pleti mpaka michirizi yote ikatoka. Kisha akaitundika juu ya jina la Suhaila. Klachi mpya aliifunga kwa uangalifu wa mwanafunzi, na kila alipoinua macho aliliona jina lile, akajichukia.

Kesho yake Suhaila akaja na kaka yake, Fadzli. Suhaila aliitazama pleti ukutani, kisha akachukua funguo mezani akampa kaka yake.

"Huendeshi mwenyewe?" Weng akauliza.

"Naliuza, Anko. Mnunuzi anakuja jioni. Kuhusu klachi wewe ndiye bingwa. Ukisema mguu wangu mbaya, nibishe nini?"

Angeweza kunyamaza, gari lingekwenda, na siri nayo.

"Mguu wako hauna kosa," akasema.

"Unasemaje? Hatukusikii!" Segaran akadakia kutoka mgahawani.

"Nimesema mguu wake hauna kosa! Nilizidisha grisi, ikarukia pleti. Ni mimi."

"Acha utani, bwana. Grisi yenyewe iko wapi?"

"Nimeifuta jana. Nilitaka mumcheke yeye."

Aibu ilimshika hadi masikioni. Weng akalipaka rangi nyeusi jina la mwalimu yule, akaandika pembeni jina lake mwenyewe.

"Anko," Suhaila akasema, "langu uliliandika kubwa."

Weng akalifuta, akaanza upya, safari hii herufi zikiwa kubwa kama zile. Suhaila alisubiri mpaka herufi ya mwisho ikakamilika. Kisha akachukua funguo mkononi mwa kaka yake, akaketi kwenye usukani, akaondoka taratibu, klachi ikishika vizuri kabisa.

Weng akageuka kuelekea mgahawani, amejiandaa kwa vicheko. Segaran alikuwa akikitazama kikombe chake. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.