Mafua Yasiyokuwa Mafua

Siku nisiyoisahau, mwanangu, ni ile niliyompakulia mavyaa yangu, mamake mume wangu, samaki aliyeharibika. Nilikuwa bi arusi wa miezi mitatu pale Mjambere, na mchana kutwa nikichambua vitunguu katika ghala moja la Kongowea, kati ya magunia yaliyoota ukungu. Mavyaa akaisukuma sahani taratibu. "Mwanangu, huyu samaki anuka. Wewe husikii?"

Sikusikia. Tangu masika sikuwa nikisikia harufu yoyote. Pua imeziba, kipaji cha uso chauma, nami nikisema ni mafua tu. Wallahi niliona haya, maana niliwaficha wakwe zangu hata kuwa nina pumu tangu utotoni, nisije nikaonekana mzigo. Mficha maradhi, kilio humfichua: nikalia mbele yake, nikamwambia yote.

Hakunikaripia kwa samaki. "Kosa si kuugua," alisema. "Kosa ni kunyamaza. Na jicho hilo la kushoto, mbona latokeza?"

Kesho yake akanipeleka hospitali mwenyewe. Daktari akatueleza kuwa ukungu twauvuta sote, na wengi hauwadhuru. Lakini mwenye pumu au mzio, khasa akiwa kijana, katika joto na unyevu kama wa pwani yetu, mwili wake huweza kuukataa, vinyama vikaota puani, uchafu mzito ukajaa hata ukasukuma jicho. Akasema pia kwamba ugonjwa huo hauambukizi. Nikapasuliwa puani, jicho likarudi mahali pake.

Nilipopata nafuu nikaacha dawa nilizopewa, ujana tena, na vinyama vikarudi. Mdharau mwiba, mguu huota tende. Mara ya pili sikufanya mzaha: nikatibiwa tena, nikaacha ghala, nikajifunza kushona, nikawa naenda kuangaliwa kila nilipoitwa. Mpaka leo napumua vyema, alhamdulillahi.

Basi, mwanangu, ukiwa na pumu au chafya zisizokwisha, sema mapema. Chumba chako kipitishe upepo. Ukuta ukiota weusi, tafuta maji yanapopenyea, usiufiche kwa rangi. Pua ikiziba wiki baada ya wiki, nenda kwa daktari, usijitibu kwa dawa za dukani. Na dawa uliyopewa usiiache kwa kuwa tu umepoa.

Mola akupe pumzi nyepesi, na akujaalie nyumba ambayo waweza kusema ndani yake kinachokuuma. Amin.