Mashimo Yaliyonenepa Mapema

Majengo nzima, mtaa wetu, inajua kwamba nilianza na gunia moja la maharagwe. Inajua kwa sababu nimeisimulia mwenyewe, harusini, msibani, hata kwa kinyozi. Volkano ilikuwa imemeza depo za matajiri, maghala yao ya jumla. Mimi nikashuka mjini kutoka Rutshuru na gunia langu kichwani, nikauza juu ya mawe yangali na moto. Shule niliacha mwaka wa nne primeri. Leo nina depo yenye jenereta.

Jenereta hiyo ndiyo iliyonipa kiburi mwaka waasi walipoingia mjini, umeme ukakatika. Binti yangu, aliyekuwa anasoma ng'ambo, alikuwa amekuja kutusalimia. Uwanja wa ndege ukafungwa, akakwama. Siku ya kutetea doktora yake ikabidi aongee na walimu kwa kompyuta, deponi kwangu, saa nane mchana. Miaka yake yote ya masomo ikawa inategemea kidumu changu cha mafuta.

Asubuhi ya siku hiyo nilitaka anieleze, maana jirani wangeniuliza. Akasema anachunguza, kwa eksirei, mashimo meusi ya angani, makubwa ajabu, ya zamani ulimwengu ulipokuwa mchanga. Nikauliza ni nani anapanda kuyapiga eksirei. Akacheka. Hakuna anayepiga. Shimo halionekani, ila vitu vinavyoporomokea humo hupata moto na kutoa mionzi ya eksirei inayopenya vumbi. Yeye na wenzake huchagua kipande cha anga, hukikodolea darubini siku nyingi, kisha wanahesabu yaliyojitokeza.

“Kumbe ni chuma changu,” nikasema, nikamwonyesha kile chenye tundu ninachochoma kwenye gunia nione maharagwe ya ndani bila kulifungua.

Shida, akasema, ni kwamba yalinenepa mapema mno. Wengine wanadai yalianza madogo yakala bila kupumua. Wengine, naye akiwemo, wanaona yalizaliwa tayari makubwa.

Hapo damu ilinichemka. Mutu anene bila jasho?

“Yalianza madogo,” nikamwambia. “Ushahidi ni mimi.”

“Papa, vipimo vyangu havisemi hivyo.”

Nikakalia kidumu. Nikatangaza kwamba jenereta haiwaki mpaka aandike kwamba yalianza madogo. Nusu nilikuwa natania. Nusu nyingine ilikuwa imekaa imara.

Mchana ukanikuta bado nimekikalia, ikabaki robo saa ifike saa nane. Binti hakubembeleza, alipanga karatasi zake mbele ya kompyuta. Mke wangu alikuwa mlangoni anachambua maharagwe, wala hakuinua macho.

“Weka mafuta, papa,” mke wangu alisema. “Ao niwaambie wale walimu lori la baba yangu lilibeba magunia mangapi?”

Lori hilo huwa nalisahau. Lilishuka wiki ileile, nyuma ya gunia langu, limejaa hadi juu, zawadi ya baba mkwe.

Jenereta iliwaka kwa mvuto wa kwanza.

Nilijificha nyuma ya magunia, nikasikiliza. Mwalimu mmoja akauliza lilelile: madogo au makubwa? Binti akajibu kwamba vipimo vyake vinaegemea makubwa, lakini hajafika chini. Baba yake, akasema, huchoma magunia kwa chuma, na asiyefikisha chuma chini huuziwa mawe. Walimu walicheka sana, wakampitisha.

Jirani waliponiuliza anasomea nini, niliwaambia anasomea maisha yangu. Gunia bado nalisimulia. Ila mke wangu akiwa karibu, nakohoa kidogo na kusema: gunia moja, lile lililotangulia.