Kinyago cha Wifi Yangu

Kwetu, mama akifa, khanga zake hugaiwa mabinti. Mimi ndiye binti pekee. Khanga za mama zilikuwa ndani ya sanduku chumbani kwake, nyumbani kwa kaka yangu, mtaa wa Ansab, huku Uarabuni. Siku ya tatu, khitma ilipokwisha, nikaenda kuzichukua. Sanduku tupu. Wifi yangu, Mwarabu wa huku huku, akasema mtumishi kazitupa kwa makosa. Kaka akamrudisha mtumishi kwao. Mimi sikuamini.

Miezi minne baadaye wifi akanipigia simu. Skuli ilitaka kila mtoto alete kinyago cha Kiafrika cha boksi.

"Njoo uwatengenezee. Si nyinyi ndio watu wa Afrika?"

Kwetu Unguja, nilikokulia, sikuwahi kumwona mtu kavaa kinyago. Mama angecheka mpaka akohoe. Nikamwambia, "Nnakuja."

Tulikaa chini ukumbini, mimi na wanawe wawili, tukakata boksi la friji. Wa kiume alitaka simba. Wa kike, miaka sita, ndiye aliyekuwa akilala chumbani kwa bibi yake.

"Shangazi, na changu?"

Nikamchorea nyusi nene zilizopanda juu, na doa jeusi pembeni ya mdomo. Mdomo nikautoboa mpana.

"Huyu mama!"

"Basi vaa, useme kama mama."

Kaka alikuwa kwenye kochi na kahawa yake. Nilimngoja mpaka akae, sifichi.

"Osheni mikono! Nani kakanyaga zulia langu?" mtoto akafoka. Kaka akacheka.

"Na siku ile ya khanga za bibi, mama alisemaje?"

Mtoto akanyoosha kidole. "Yatoe matambara haya, yananuka uzee. Yatie jaani, upesi, kabla wifi hajaja!"

Kaka akaweka kikombe chini. Wifi alikuwa mlangoni na sahani ya halwa.

"Unamtia mtoto maneno!"

"Mimi nimemfundisha kukata boksi tu."

Kaka akamuuliza mkewe kwa Kiarabu, taratibu, mara mbili. Mtoto akavua kinyago, akatutazama mmoja mmoja, akaanza kulia. Nilijua atalia. Nilijua tangu nachora zile nyusi, na bado nilichora.

Siku hiyo hiyo kaka alimpigia simu yule mtumishi kumtaka radhi. Khanga hazikupatikana. Nilirudi kwangu Al Khoudh, nikapakua wali, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikala nikashiba.