Kaka Yangu Hakuwa Mlevi

Kaka yangu alikuwa mkulima wa viazi Molo, mtu wa kuinua gunia peke yake hadi kwenye lori. Kisha akaanza kuanguka. Hakuzimia, miguu tu ilimwishia nguvu akiwa ameinama kuvuna, akajikuta amekaa kwenye matope huku vibarua wake wakicheka. Kichwa kilimuuma kwa vipindi, vibaya zaidi asubuhi, halafu siku tatu nzima asisikie maumivu yoyote. Siku hizo za nafuu ndizo zilizotudanganya.

Nilimleta kwangu mtaa wa Section 58, nikampeleka kwa daktari mwenye kliniki mjini Nakuru. Aliheshimiwa sana, watu walipanga foleni kwake kabla mlango haujafunguliwa. Alimtazama kaka, akaona macho mekundu na gumboti zenye udongo, akauliza anakunywa nini.

"Daktari, mimi sijawahi kuonja pombe," kaka alisema.

"Wote husema hivyo."

Akaandika dawa za maumivu. Tulirudi mara nne katika miezi mitano. Mara ya tatu nilimwomba barua ya kwenda kupigwa skani ya kichwa. Akauliza kama siku hizi walimu wa shule ya msingi kama mimi ndio wanaotibu. Muuguzi wake alicheka. Nami nilicheka pia, kwa aibu, na kicheko hicho sijakisamehe hadi leo.

Wiki moja baada ya kurudi mara ya nne, kaka akiwa sebuleni kwangu anafunga kamba za viatu, alishika kichwa, akatapika, akaanguka. Hospitali kubwa walimpiga skani mara moja. Daktari mmoja kijana akanionyesha kidoa katikati ya ubongo, kidogo kama njegere. Alieleza kwamba ni uvimbe wenye ute mzito, wala si saratani, lakini umekaa palepale maji ya ubongo yanapopitia. Ukiziba njia, maji yanajaa na kukandamiza ubongo. Ukiachia, mgonjwa anadhani amepona. Nikauliza kama ungeonekana mapema.

"Skani ingeuonyesha," alisema kwa upole. "Na kwa upasuaji ungeondolewa."

Kaka alikufa kesho yake, tukingoja ambulensi ya kumpeleka Nairobi.

Mazishini sikulia. Nilikuwa napanga. Niliomba kliniki nakala ya faili yake, wakanizungusha, nikarudi hadi wakachoka nami. Kila ukurasa ulikuwa na neno lilelile: pombe. Nikapeleka malalamiko kwa wanaosimamia madaktari, na siku ya kusikilizwa nikamleta mke wa kaka, nikamketisha mahali ambapo daktari hangeweza kumkwepa kwa macho.

Nilipopewa nafasi ya kuzungumza sikutaka pole yake. Nilitaka amwambie mama huyu kama mume wake alikuwa mlevi. Alimwangalia wakili wake, kisha akainamisha kichwa.

"Hakuwa mlevi."

"Huku hatujasikia," nikasema.

Akarudia kwa sauti. Kumsikia kulikuwa kutamu, sitadanganya.

Alisimamishwa kazi mwaka mmoja. Mwaka huo wote, nikitoka shule, nilizunguka makusudi ili nipite mbele ya kliniki na kuona kufuli. Pasta aliniambia nimsamehe. Nilimjibu kwamba nikiwa tayari nitamjulisha.

Sasa amefungua tena. Jumamosi mimi husimama ng'ambo ya barabara, maana mlinzi alishanifukuza mlangoni, na kila anayefika akishika kichwa ninamuuliza maumivu yalianza lini. Mwezi uliopita nilikutana na mama kutoka Kabazi ambaye binti yake alikuwa anatapika kila asubuhi kwa kuumwa kichwa. Daktari alikuwa amempa dawa za maumivu tu. Niliwapeleka mwenyewe kwa skani, nikaketi nao tukingoja majibu. Binti hakuwa na uvimbe wowote. Mama alinikumbatia akilia, nami nikamshukuru Mungu pamoja naye. Lakini nikiwa bado mikononi mwake nilihisi nimenyimwa kitu, kwa sababu safari hii yule daktari hakuwa amekosea.