Mzee Aliyechora Kijiji cha Uingereza

Mwezi uliopita nilitembelea kijiji cha pwani huko Uingereza, ambako wavuvi wa zamani walijijengea gati la mawe. Nilipoliona nilisimama ghafla. Nilikuwa nimeshaliona, huko Guangzhou, China, nikiwa na miaka saba.

Mama alikuwa akichagua vitambaa vya mapazia katika soko la Zhongda. Nyuma ya duka palinuka rangi na chai, na baba yake mwenye duka alikuwa akichora mfano wa kitambaa kipya. Chini ya brashi yake zilitokea nyumba za wavuvi, mnara wa taa, kisha mawimbi yaliyopiga gati kwa nguvu hata nikarudi nyuma nisije nikalowa. Nilidhani anachora kwao.

"Mama, muulize atarudi lini."

Mama akauliza kwa Kichina chake cha sokoni. Mzee akacheka, akatuonyesha postikadi iliyochakaa ya Uingereza aliyokuwa akiinakili.

"Kwao ni milimani, mwanangu. Bahari hajawahi kuiona. Anakuuliza wewe mtoto wa Unguja, inanukaje?"

"Chumvi," nikasema kwa aibu. "Na mwani."

Mama akamfasiria. Mzee akafumba macho, akavuta pumzi ndefu, kisha akachovya brashi kwenye kijani na kuotesha mwani juu ya kila jiwe.