Gari Lililokuwa na Kwikwi

Enzi zetu gari halikuwa na taa ya kukuambia linaumwa nini. Liliumwa, na nyumba nzima ikaumwa nalo. Juzi langu lilikuwa linasita nikikanyaga mafuta, kijana wangu akachomeka kidude chini ya usukani, akatazama simu yake, akasema, "Mama, ni sensa ya injini," kabla sijamaliza hata kumweleza lilianzia wapi. Nilimshukuru, lakini nilibaki na maneno yangu mdomoni. Sisi gari la baba tulilisikiliza wiki nzima, na nikiikumbuka wiki ile bado nasikia harufu ya petroli viganjani.

Tulikaa Mkuyuni, kwenye nyumba iliyoegemea mawe makubwa. Tuliteleza kwenye mawe yale mpaka magauni yetu yakatoboka nyuma, mama akashona viraka, tukateleza tena, navyo vikaisha. Jioni upepo wa ziwani ulipanda na harufu ya dagaa, na mama alituita kula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga za kuchemsha, tukila huku miguu inaning'inia na hakuna aliyeharakisha kitu. Baba alikuwa karani wa pamba. Gari lake la kijivu lilikuwa zee tangu siku lilipoingia nyumbani, na viti vyake vilikuwa na joto hata asubuhi ya mvua, sijui kwa nini.

Ukiliondoa taratibu lilikwenda vizuri. Ukilikanyagia mafuta ghafla lilimeza kwanza, likatikisika, likanyamaza kidogo, ndipo likaruka mbele. Watoto wa mtaani walisema lina kwikwi. Wakipita wanasukuma ringi zao, walisimama mbele ya nyumba yetu, wakasema "kwi!" kisha wakaendelea na safari. Baba alicheka nao, mpaka Shangazi Kabula alipopata mchumba.

Shangazi Kabula alikuwa mdogo wa mwisho wa baba. Babu alifariki yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, na baba ndiye aliyemlea, akamsomesha, na bibi akiugua alimsuka hata nywele, tena vibaya. Mchumba alikuwa wa upande wa Sengerema, ng'ambo ya maji. Ng'ombe walikuwa wameshafika, siku imeshapangwa, na baba alikuwa ameshasema kwamba Kabula atapelekwa na gari lake na si la mtu mwingine.

Bibi, mama yake baba, tuliishi naye. Alisikiliza, akaweka kikombe chini. "Gari la bibi harusi halirudi nyuma," alisema. "Likirudi hata kidogo, na binti atarudi." Wote tulikumbuka safari ya mwezi uliopita. Tulipokuwa tunatoka kivukoni Busisi, baba alikanyaga mafuta apande ule mwinuko wa nchi kavu, gari likapata kwikwi yake, likarudi nyuma kuelekea majini hadi vijana wa kivuko wakatupa gogo chini ya tairi. Bibi alishuka, akajifunga khanga vizuri, akapanda kwa miguu.

Kwa hiyo baba alikuwa na wiki moja. Kila mtu alikuwa na dawa yake. Jirani alisema mafuta yana maji. Baba akayamwaga yote na kuweka mengine, kwikwi ikabaki. Akasugua plagi kwa msasa, akarekebisha platini, akakung'uta chujio la hewa, likatoka vumbi la kutosha kupandia mchicha. Kwikwi ikabaki. Mama alisema kwa utulivu kwamba huenda gari limechoka kama watu wengine. Shangazi Kabula alipita na ndoo ya maji kichwani, nikamwona anatazama boneti iliyofunguliwa kama anayetazama mlango wa chumba cha mgonjwa.

Ikawa Alhamisi. Baba alikaa juu ya jiwe, akajisemea mwenyewe, "Likitulia ni zima. Likishakimbia ni zima. Ugonjwa uko katikati." Akaniita. Gari lilikuwa limezimwa. Aliondoa chujio, akainamia kabureta, jicho moja amelifumba.

"Limi, kanyaga mafuta. Taratibu. Haya, sasa kwa nguvu."

Nilikanyaga kwa mguu wangu wote. Baba akaniambia nishuke nije nione, akakanyaga yeye. Ndani ya koo la kabureta, mahali ambapo petroli ilipaswa kuruka kama mate ya mtu mwenye hasira, lilitoka tone moja, likateremka polepole. Ndiyo ilikuwa kwikwi yenyewe. Ukikanyaga ghafla, hewa inaingia nyingi na mafuta yanachelewa. Baba akafungua kipampu kidogo kinachorusha petroli ile, akatoa kikombe cha ngozi, kidogo kama kifungo cha koti, kimekauka na kupasuka.

Kipya hakikupatikana. Baba alizunguka mjini, akarudi jioni mikono mitupu. Aliingia chumbani akatoka na kiatu chake cheusi, kile alichokuwa amekipiga rangi kwa ajili ya harusi, akakaa kizingitini na wembe, akakata ulimi wa kiatu. Baba alikata mduara, akaukunja juu ya kifuniko cha kalamu, akauroweka kwenye oili hadi kesho yake. Ijumaa alikirudisha kipampu, akaniambia nikanyage, na petroli ikaruka mpaka ikamgusa kwenye nyusi. Alicheka peke yake kwa muda mrefu.

Jumamosi tulivuka. Kigongo, tulikopandia kivuko, palinukia samaki wa kukaanga, maji yalikuwa ya kijani yametulia, na Shangazi Kabula alikaa kati yangu na bibi, gauni lake limejaa kiti chote cha nyuma hadi magotini kwangu. Kivuko kilipogusa Busisi bibi alifumba macho. Baba akawasha gari, akaingiza gia, akakanyaga. Likapanda. Halikumeza, halikutikisika, lilipanda moja kwa moja hadi barabarani, na wanawake waliokuwa kwenye gari la nyuma wakapiga vigelegele. Bibi alifumbua macho, akamshika shangazi mkono.

Baada ya hapo tukaenda polepole. Polepole mno. Mwendesha baiskeli mwenye gunia la mihogo alitupita, akatusalimia.

"Baba Limi," mama alisema, "gari si limepona?"

"Limepona."

"Sasa mbona hivi?"

Nilikuwa nimekaa nyuma ya mama, nikaona mguu wa baba umegusa tu pedeli, kiatu kimelegea, soksi imechungulia chini ya kamba. Shangazi Kabula akainama mbele, gauni na vyote, akaweka paji la uso kwenye bega la baba. "Kaka, twende tu," alisema. "Sitarudi, lakini nitakuja." Baba alijifuta uso kwa mkono, akaongeza mafuta. Gari likaitika palepale.

Baba hakuishi kuliona daraja lililochukua nafasi ya kivuko. Siku hizi unavuka vioo vimefungwa, hujamaliza kusoma ujumbe kwenye simu umeshafika Busisi. Sina ugomvi na daraja, wagonjwa wengi sasa wanawahi. Lakini enzi zile kumpeleka mtu ng'ambo ilikuwa kazi ya siku nzima, na moyo ulipata nafasi ya kumwachilia kidogo kidogo. Binti yangu alipoolewa, tulimuaga nje ya ukumbi. Alipanda gari jeupe la kukodi, lenye maua mbele na kijana aliyevaa miwani kwenye usukani. Nilikuwa bado natafuta leso kwenye mkoba. Gari lilikuwa zima kabisa, likaondoka mara moja.